Re: Nihamishe pointi za kadi kabla ya kutafuta tiketi nne?
Hapana, usihamishe kwanza pointi unazopata kwa kutumia kadi ya benki. Zikishageuzwa kuwa maili za shirika la ndege (pointi zake za kulipia tiketi) kwa kawaida hazirudi, na huenda viti vya kulipia kwa maili havipo. Tafuta viti, ndipo uhamishe. Mashirika mengi huanza kuuza tiketi takriban siku 330 hadi 360 kabla ya safari. Ukitafuta vinne ukaambiwa hakuna, jaribu viwili viwili. Mara nyingi ndege moja hutoa viti viwili tu kwa maili. Halafu fika hadi ukurasa wa malipo usome kodi na tozo ya mafuta, kwa sababu hizo ni fedha taslimu, na hapo ndipo hiyo tiketi "ya bure" huuma. Mtoto wa kupakatwa, chini ya miaka 2, naye hutozwa: mara nyingi asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima.