Washindi wa Athens 1896: nani alipewa nini, na kwa nini orodha hazilingani

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Dodoma, na ndiye mlezi wa klabu ya michezo ya shule. Tunaandaa bango la washindi wa Olimpiki ya kwanza ya kisasa, ile ya Athens 1896, lakini vyanzo nilivyonavyo vinapingana. Kimoja kinasema James Connolly alipata dhahabu, kingine kinasema fedha. Kimoja kinaiweka Marekani juu, kingine Ugiriki. Na ile tenisi ya wawili wawili nimeshindwa kabisa kujua niiandikie nchi gani. Nifuate kipi?

JIBU: Salama, Mwalimu, na hongera kwa kazi hiyo. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo orodha nyingi huyachanganya: kile mshindi alichokabidhiwa mkononi mwaka 1896, na kile kilichokuja kuandikwa mbele ya jina lake miaka mingi baadaye. Kuhusu Connolly, vyanzo vyako vyote viwili vina ukweli.

Athens hapakutolewa medali ya dhahabu hata moja. Mshindi wa kwanza alipewa medali ya fedha, tawi la mzeituni na cheti. Wa pili alipewa medali ya shaba, tawi la mlaureli na cheti. Wa tatu hakupewa kitu. Medali hizo zilibuniwa na mchongaji Mfaransa, Jules-Clément Chaplain, na Mfalme George wa Kwanza wa Ugiriki alizigawa mwenyewe siku ya kufunga, tarehe 15 Aprili, baada ya mvua kuiahirisha sherehe kwa siku moja. Utaratibu wa dhahabu, fedha na shaba ulianza St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Baadaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaurudisha nyuma hadi 1896, ili michezo yote isomwe kwa kipimo kimoja. Connolly alishinda miruko mitatu siku ya ufunguzi, 6 Aprili, kwa mita 13.71, akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki ya kisasa. Leo anahesabiwa dhahabu, lakini aliondoka Athens na fedha.

Kwa hiyo bangoni weka nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Madini yaache, au yaandike kwenye maelezo ya chini. Ukiandika nafasi, hakuna mwanafunzi atakayekuja na kitabu kingine akuambie umekosea.

Nafasi ya tatu ndiyo itakayokusumbua, maana hesabu zake hazilingani na za nafasi ya kwanza na ya pili. Katika mita 100, Thomas Burke alishinda kwa sekunde 12.0 na Mjerumani Fritz Hofmann akawa wa pili, lakini Francis Lane wa Marekani na Alajos Szokolyi wa Hungaria walifungana nyuma yao, na wote wawili wanahesabiwa wa tatu. Tenisi ya mmoja mmoja nayo ina wa tatu wawili, Konstantinos Paspatis na Momcsilló Tapavicza. Kwingine hayupo kabisa. Fainali ya mita 110 kuruka viunzi ilikuwa na watu wawili tu, Thomas Curtis na Grantley Goulding. Mbio za baiskeli za saa 12 walizimaliza wawili tu: Adolf Schmal wa Austria, aliyeendesha karibu kilomita 315, na Mwingereza Frederick Keeping. Kisa cha marathoni wanafunzi wako wataking'ang'ania. Spyridon Louis alishinda kwa saa 2:58:50, Charilaos Vasilakos akawa wa pili, na Mgiriki mwingine, Spyridon Belokas, akaingia uwanjani wa tatu. Gyula Kellner wa Hungaria akalalamika kwamba mwenzake amepanda gari la farasi njiani. Malalamiko yakathibitika, Belokas akafutwa, na nafasi ya tatu ikawa ya Kellner.

Wengine huiona nafasi hiyo kuwa jambo dogo. Mimi siioni hivyo. Shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964 ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kwa utaratibu wa Athens asingepewa kitu.

Sasa Marekani na Ugiriki. Mashindano yalikuwa 43. Marekani ilishika nafasi ya kwanza mara 11 na Ugiriki mara 10, basi anayepanga kwa dhahabu ataiweka Marekani juu. Anayejumlisha nafasi zote tatu ataiweka Ugiriki juu kwa mbali sana, kwa kuwa ina zaidi ya 40 na Marekani ina 20. Mkataba wa Olimpiki wenyewe unaikataza Kamati kuzipanga nchi kwa madaraja, kwa hiyo majedwali yote mawili ni mapokeo ya magazeti na watakwimu. Jambo la kuwaeleza wanafunzi ni kwamba Wamarekani walikuwa 14 tu, wakati Wagiriki walikuwa wengi kuliko wageni wote kwa pamoja. Liko hata shindano moja la kuogelea, mita 100, lililokuwa la mabaharia wa jeshi la majini la Ugiriki peke yao. Waliingia watatu, Ioannis Malokinis akashinda, na nafasi zote tatu zikaingia kwenye hesabu ya Ugiriki. Katika mazoezi ya viungo kwa timu, kwenye vyuma sambamba, Wajerumani walikuwa wa kwanza, kisha zikafuata klabu mbili za Athens, Panellinios na Ethnikos. Nchi moja ikavuna ya pili na ya tatu kwa mpigo.

Hapa ndipo ninapokuomba, Mwalimu, bango liwe la majina ya watu kabla ya kuwa la bendera. Mwaka 1896 hapakuwa na timu za taifa kama tunavyozijua leo. Watu walijiandikisha wenyewe, au walitumwa na klabu na vyuo vyao. Wamarekani wengi walitoka chuo cha Princeton na klabu moja ya riadha ya Boston. Edwin Flack, aliyeshinda mita 800 na 1,500, alikuwa mhasibu aliyekuwa akifanya kazi London. Anahesabiwa upande wa Australia, ingawa makoloni ya huko yaliungana kuwa nchi moja mwaka 1901. Hungaria na Austria zilikuwa chini ya mfalme mmoja, lakini zinaandikwa mbali mbali.

Tenisi yako ya wawili wawili imetokana na hali hiyohiyo. John Pius Boland, mzaliwa wa Dublin, Ireland, iliyokuwa chini ya Uingereza wakati huo, alikuwa mwanafunzi wa Oxford aliyefika Athens kumtembelea rafiki yake Mgiriki. Friedrich Traun, Mjerumani, alikuja kukimbia mita 800 akatolewa kwenye mchujo. Boland alimshinda Traun raundi ya kwanza ya tenisi ya mmoja mmoja, kisha wakaungana wakachukua ubingwa wa wawili wawili. Wakati huo hakuna aliyewazuia, maana hapakuwa na kanuni ya uraia wa timu. Kamati inauweka ushindi huo chini ya “timu mchanganyiko”, nawe andika hivyohivyo, na mbele ya kila jina weka asili yake. Ukiupa Uingereza au Ujerumani peke yake utakuwa umemnyima mmoja wao haki yake.

Acha pia safu ya maelezo. Katika kunyanyua uzito kwa mikono miwili, Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza walinyanyua kilo 111.5 sawasawa. Jensen alipewa ushindi kwa kuwa alinyanyua kwa ufundi mzuri zaidi. Mtu anayeona namba zinazofanana bila maelezo hayo atadhani bango lina kosa. Elliot naye alishinda mkono mmoja.

Ukitaka kuendelea na michezo iliyofuata, kumbuka mawili. Paris 1900 washindi wengi walipewa vikombe na vitu vya thamani badala ya medali. Na michezo iliyofanyika Athens mwaka 1906 Kamati haiitambui kuwa Olimpiki. Ndiyo maana mrukaji Ray Ewry wa Marekani utamkuta na ushindi 8 kwenye orodha rasmi, na 10 kwa wanaojumlisha mwaka huo.

Mwisho, tarehe. Ugiriki ya wakati ule ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 12. Ukikuta chanzo kinasema ufunguzi ulikuwa 25 Machi, hiyo ndiyo 6 Aprili yetu. Chagua kalenda moja, na uitaje juu ya bango.