Manesi wanabishana kitandani kwa baba, tumhamishe?

SWALI: Shikamoo Sista. Baba yangu yupo ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Mbeya, amepasuliwa utumbo na anapumua kwa mashine. Juzi nilimkuta nesi mtu mzima ameshika bomba la sindano, nesi kijana akamwambia, "Dada subiri, tusome tena." Wakasoma kichupa, wakapiga hesabu upya, wakabishana kidogo, ndipo dawa ikaingia. Hawa wanajua kazi kweli? Mjomba anataka tumhamishie Dar.
Binti wa Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Mwambie mjomba atulie. Kumsafirisha mgonjwa wa mashine kwa barabara ndefu namna ile ni hatari yenyewe, na ulichokiona ni kazi nzuri.

Potasiamu, chumvi ambayo mgonjwa huongezewa kwa dripu, ikiingia mshipani haraka mno, moyo unaweza kusimama. Insulini ikizidi, sukari inashuka, na mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kusema anatetemeka. Ndiyo maana dawa za aina hiyo hukaguliwa na manesi wawili, kila mmoja akipiga hesabu yake kabla ya kulinganisha. Wa pili akiitikia tu "sawa dada" kwa heshima, hajakagua kitu. Na huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Kyela, mtoto aliyelelewa vizuri hampingi mkubwa mbele za watu. Yule kijana alihitaji ujasiri, na mkubwa wake alihitaji moyo wa kukubali kusimamishwa. Nimefanya kazi na masista ambao ukiwauliza walinuna wiki nzima. Kwenye zamu zao wadogo waliona dripu inakwenda kasi wakanyamaza, wakisubiri daktari apite. Niliziogopa sana zamu hizo.

Huko Michigan, Marekani, kuanzia 2003, ICU zaidi ya 100 zilifuata hatua tano za kuweka mpira mwembamba wa kupitishia dawa kwenye mshipa mkubwa wa damu, kuanzia kunawa mikono. Nesi alikuwa na ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Ndani ya miezi 18 maambukizi ya damu yanayotokana na mipira hiyo yalipungua kwa hadi asilimia 66. Mimi naamini ruhusa ile ilifanya kazi kubwa.

Ukitaka kuwapima manesi wa baba, angalia wanavyokabidhiana zamu. Anayetoka na anayeingia wasimame wote kitandani, wataje dawa inayoendelea, mkojo uliotoka, mpira wa kupumulia umeingia sentimita ngapi, na majibu gani yanasubiriwa maabara. Wakimalizia mezani huku mmoja anavaa sweta aondoke, uliza kwa upole. Angalia pia anavyogeuzwa: mmoja ashike mpira wa kupumulia, wengine wageuze. Nesi aliye peke yake asijaribu, maana mpira ukichomoka mgonjwa anakosa hewa hapo hapo. Najua usiku manesi huwa wachache. Hata hivyo aite mwenzake wa kitanda cha pili.

Nawe una kazi. Andika dawa zote alizokuwa anatumia nyumbani, mitishamba ikiwemo, na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru. Mpe nesi wa zamu orodha hiyo, umwombe aikabidhi kwa anayempokea. Kisha mchague ndugu mmoja wa kupokea taarifa, hata mjomba, ili nesi asiache kitanda kwenda kueleza jambo lile lile kwa kila anayefika getini.