Miche ya saladi inayorefuka na kulala
Dada, usilaumu mbegu. Miche yako ya saladi imerefuka na kulala kwa sababu mwanga ni mdogo na joto la hita ni kali. Mwanga wa dirishani mwezi wa Februari hapa Minneapolis, Marekani, hautoshi kabisa. Ning'iniza taa ya LED sentimita 10 hivi juu ya miche, iwake saa 14 kwa siku. Na hiyo trei itoe juu ya hita, maana joto likizidi nyuzi 27 hivi mbegu nyingi za saladi hugoma kuota. Sia nyingine katikati ya Machi. Usizifukie! Zinyunyizie udongo kiduchu tu, zinahitaji mwanga ili ziote. Aprili ikielekea mwisho, anza kuizoesha miche baridi: mchana nje, usiku ndani.