Kabla ya Kuuliza Gari la Umeme Linaenda Kilomita Ngapi, Uliza Litalala Wapi

"Linaenda kilomita ngapi?" Swali hilo nimeulizwa kwenye maegesho, nje ya kanisa na hata matangani. Ni nadra mtu kuniuliza nalichaji wapi. Kwangu mimi swali la pili ndilo la kwanza, kwa sababu mahali gari linapolala ndipo panapoamua bei utakayolipa kwa kila kilomita, na ndipo panapoamua kama suala la umbali litakusumbua au utalisahau.

Naendesha Nissan Leaf ya betri ya yuniti 40, iliyotumika Japani kabla ya kuletwa hapa. Yuniti ninazozitaja ni zilezile za stima, yaani kilowati-saa, unazonunua kwa tokeni. Naishi Kahawa West jijini Nairobi, nafanya kazi Upper Hill, na nikijumlisha shule ya watoto na mizunguko ya jioni, siku ya kawaida hainipitishi kilomita 45. Nikifika nyumbani nachomeka, asubuhi nachomoa. Kwa maisha hayo, hata gari lenye nusu ya betri yangu lingetosha.

Lakini hayo yote yamesimama juu ya ruhusa ya mwenye ploti, yaani jengo ninalopanga. Nilizungumza naye kabla sijakanyaga yadi yoyote ya magari, na ningemshauri kila mpangaji afanye hivyo. Mzee alikuwa na mawili tu ya kuuliza. La kwanza, nani atalipa stima? La pili alilisema hivi: "Kijana, hiyo gari yako isije ikanichomea nyumba." Yote mawili ni maswali ya haki. Tukakubaliana laini itoke kwenye mita yangu mwenyewe ya tokeni, si ile ya taa za ngazi inayolipiwa na ploti nzima. Hapo ndipo ugomvi na majirani huzimwa kabla haujawaka. Kwenye maghorofa mengi mita zote ziko chini karibu na lango, kwa hiyo hata ukiishi ghorofa ya tano huenda waya ukawa mfupi kuliko unavyodhani.

Kuhusu moto, usifanye ubahili. Soketi ya kawaida ya ampea 13, ikivutwa kwa ampea 10, inakupa takriban kilowati 2.4. Usiku wa saa tisa unaingiza yuniti kama 18 betrini baada ya zile zinazopotea njiani, nazo zinatosha kilomita 100 hivi za mjini. Tatizo ni kwamba soketi nyingi za nyumba zetu hazikuwekwa kwa ajili ya kubeba mzigo huo usiku kucha. Ukiigusa baada ya saa moja ukakuta ni ya moto, zima. Ukitaka chaja ya ukutani ya kilowati 7, hiyo inavuta ampea 32 na inahitaji waya mnene wa milimita 6 za mraba, breka yake peke yake na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, si yule anayekuwekea balbu. Tena kebo inayokuja na gari kutoka Japani ilitengenezwa kwa volti 200 na plagi ya kwao, ilhali stima yetu ni volti 240. Akitokea mtu wa kuikata ili aibandike plagi ya pini tatu, mshukuru na umwonyeshe lango.

Sasa turudi kwenye kilomita. Leaf hiyohiyo ya yuniti 40 ina namba kadhaa, na zote zimetoka kwenye vipimo rasmi. Kipimo cha zamani cha Japani kiliipa kilomita 400. Kipimo kipya cha hukohuko Japani kikasema 322. Wamarekani wakaipa 243. Muuzaji wa yadi atakutajia 400, na hatakuwa amesema uongo. Mimi hutumia ile ya Marekani, kisha naitoa uchovu wa betri. Gari lililobaki na asilimia 85 ya uwezo wake litakupa kama kilomita 200 ukienda polepole, na pungufu ya hapo barabara kuu. Mwendo ndio unaokula. Upinzani wa hewa ukienda kilomita 110 kwa saa unakaribia mara mbili ya ule wa 80. Ndiyo maana foleni ya Thika Road, inayotesa gari la petroli, hailiumizi la umeme: likisimama halili chochote zaidi ya redio, taa na kipooza hewa.

Kipimo cha kweli kwangu ni safari ya ushago, nyumbani kwa Mama huko Nyeri. Kutoka kwangu ni kama kilomita 135, na unaposikia namba hiyo unaona ni kitu kidogo kwa betri yenye 200. Ila barabara yenyewe inakudanganya. Kutoka Thika unateremka taratibu hadi Sagana, gari linajirudishia umeme, namba kwenye dashibodi zinapendeza. Halafu kutoka Sagana hadi Karatina unapanda zaidi ya mita 500. Gari la kilo 1,600 likipanda mita 1,000 linatumia takriban yuniti 4.4 kwa ajili ya mlima peke yake, mbali na zile za kusonga mbele. Kwa hiyo mlima huo wa Karatina unakula zaidi ya yuniti 2, nazo ni kilomita 12 au zaidi zilizopotea. Ukirudi unazipata kwa sehemu tu, si zote. Anayeenda Naivasha kupitia Mai Mahiu afanye hesabu hiyohiyo mara mbili: kwenda anapanda hadi Limuru kabla ya kuteremka, na kurudi anapanda tena hadi Limuru, kwa hiyo kote kunataka akiba.

Mimi hufika Nyeri nikiwa na akiba, sifiki nikiwa na wasiwasi, lakini siwezi kurudi siku hiyohiyo bila kuchaji. Nachomeka kwa Mama usiku mzima. Mara ya kwanza aliniangalia nikivuta kebo dirishani akauliza, "Na hiyo stima yangu?" Sasa nikiondoka Nairobi namtumia tokeni kwanza, ndipo nachomeka kwa amani. Mtu mwenye wazazi wasio na stima ya kutegemewa asijidanganye, safari hiyo itamshinda.

Na Mombasa? Ni kilomita 480 hivi. Kwa Leaf sikushauri. Betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji, inategemea hewa tu, kwa hiyo ukiichaji kwa kasi mara mbili au tatu katika siku moja ya joto, kila mara inachukua muda mrefu kuliko uliotangulia. Panda treni ya Madaraka, ama azima gari la shemeji. Magari yenye betri za yuniti 60 zenye mfumo wake wa kupozwa, kama BYD Atto 3, ni habari nyingine, na bei yake pia ni habari nyingine.

Nguvu za gari ndilo jambo linalozungumziwa kidogo sana, na kwa Nairobi lina utamu wake. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Maana yake ni kwamba gari lako la lita 1.5 hapa linakimbia likiwa limepungukiwa na karibu moja ya sita ya nguvu lililotengenezwa nazo. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haina habari na mwinuko. Leaf yangu ina newton-mita 320 za kuzungusha magurudumu, zote zipo tangu unapogusa pedali. Ukitaka kulipita lori la mchanga kwenye mlima hubadilishi gia, hungoji injini ilie kwanza. Wanaodhani gari la umeme ni kobe, wakipanda nami hunyamaza kabla ya kufika Roysambu. Chaji ikiwa chini sana, hata hivyo, gari lenyewe hupunguza nguvu ili lifike. Hapo ndipo kobe anapotokea kweli.

Pesa sasa. Tuchukue petroli ya shilingi 180 kwa lita, ukijua EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 na kwamba Oktoba 2023 ilifika 217.36 hapa Nairobi. Gari dogo linalopata kilomita 11 kwa lita kwenye foleni, likitembea kilomita 1,100 kwa mwezi, linakunywa lita 100, yaani shilingi 18,000. La umeme kwa kilomita hizo linahitaji kama yuniti 205 ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 30 kwa yuniti, kodi na tozo zote ndani, ni 6,150. Unaokoa karibu 12,000 kwa mwezi. Angalia pia daraja lako la bei: nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti chini ya 100 kwa mwezi itavuka mpaka huo kwa sababu ya gari, na kila yuniti itapanda, hata ya jokofu. Kenya Power ilipata bei maalumu ya magari ya umeme mwaka 2023, msingi wa shilingi 16 kwa yuniti na 8 nje ya saa za kilele, kabla ya tozo. Hiyo inafaa zaidi wenye vituo na mabasi kuliko mpangaji wa Kahawa.

Tuseme gari la umeme linakuzidishia shilingi 600,000 kuliko la petroli la umri uleule. Kwa mwendo wangu, nafuu ya mafuta inarudisha pesa hizo kwa miaka minne na kitu. Anayetembea kilomita 15 kwa siku atangoja zaidi ya miaka 10, na kabla ya hapo betri itakuwa na maoni yake. Dereva wa teksi wa kilomita 150 kwa siku atazirudisha ndani ya mwaka mmoja na ushee, mradi achaji nyumbani. Akitegemea chaja za maduka makubwa, bei ya yuniti inapanda na saa za kazi zinapotea kwenye foleni ya kungoja plagi. Sevisi sitaitolea maneno mengi: hakuna oili ya injini wala plagi za moto, breki zinadumu, lakini bushi na shoki zinakufa kama za gari lolote linalopita barabara zetu. Ile betri ndogo ya volti 12 ibadilishe mapema, maana ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa.

Kwenye yadi, usinunue kwa kuhesabu mistari 12 ya afya ya betri kwenye dashibodi. Mstari wa kwanza hupotea baada ya karibu asilimia 15 ya uwezo kwisha, na kuna wajanja wanaojua kuirudisha mistari bila kuirudisha betri. Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, pakua programu ya LeafSpy, usome asilimia mwenyewe, kisha uliendeshe gari nusu saa uone kama asilimia inashuka kwa adabu. Chungulia na mdomo wa kuchajia. Leaf za Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya kasi, magari ya Ulaya CCS, mengi ya China GB/T. Kabla ya kulipa, nenda kwenye chaja iliyo karibu nawe utazame kwa macho yako ni plagi gani inayoning'inia pale.

Kama mwenye ploti amekataa, na kazini hakuna pa kuchomeka, usinunue kwa sasa, hata bei iwe tamu namna gani. Chukua haibridi, gari la petroli na umeme pamoja, kama Toyota Aqua au Nissan Note e-Power. Zinajichaji zenyewe, kwenye foleni zinatumia mafuta kidogo, na fundi wa kuzishika utampata. Wakati huo endelea kumsemesha mzee wa ploti, na ukisikia mpangaji mwingine anataka laini ya gari, nendeni pamoja.