Usiongeze kigezo kabla ya kukagua kovariansi

Msomaji anayepima mpindo, yaani jinsi uvutano wa maada iliyo njiani unavyopinda kidogo maumbo ya galaksi za mbali, ameuliza kwa nini kai-mraba yake (kipimo cha tofauti kati ya data na modeli, ambacho hutarajiwa kukaribia idadi ya nukta) inafika 370 ilhali ana nukta 270 tu za data, na kama aongeze kigezo cha mpangilio asilia wa galaksi (galaksi kuelekeana zenyewe, bila mpindo) ili ishuke. Asiongeze. Mwishoni mwa ujumbe ametaja, kama jambo dogo, kwamba kovariansi yake, yaani matriksi ya makosa ya nukta na jinsi yanavyohusiana, imetokana na uigaji wa kompyuta mara 1,000. Ugonjwa uko hapo.

Makundi 5 ya galaksi kwa umbali yanatoa jozi 15 za makundi, ukihesabu kila kundi na lenyewe. Zidisha kwa pembe 9, kisha kwa 2 kwa ajili ya ξ+ na ξ− (vipimo viwili vya jinsi maumbo ya galaksi yanavyohusiana kwa kila pembe kati yao): nukta 270. Kovariansi iliyokadiriwa kwa uigaji haipotoki kwa wastani, lakini matriksi yake ya kinyume, inayoingia kwenye kai-mraba, hupotoka: kinyume hicho hutoka kikubwa mno. Sahihisho la Hartlap (2007) hukizidisha kwa (N − p − 2)/(N − 1), N ikiwa idadi ya uigaji na p idadi ya nukta, hapa 728/999, yaani 0.729. Sasa gawa 270 kwa 0.729. Umeona? Bila sahihisho hilo hata makosa ya S8 (kipimo cha jinsi maada ilivyojikusanya ulimwenguni) husinyaa kwa takriban asilimia 15. Kwa uigaji 300 kizidishi huanguka hadi 0.094, hapo hakuna cha kusahihisha, punguza nukta au ongeza uigaji.

Hartlap hurekebisha wastani tu, kelele ndani ya matriksi inabaki. Sellentin na Heavens (2016) walionyesha kwamba kovariansi ikiwa ni makadirio, fomula ya Gauss ya uwezekano, yenye umbo la kengele, haifai tena. Mahali pa exp(−χ²/2) weka (1 + χ²/(N − 1)) kwa kipeo −N/2, ukitumia kinyume kisichosahihishwa, la sivyo utasahihisha mara mbili. Ni mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta, na uvivu hapa hauna utetezi.

Ukikokotoa kovariansi kwa nadharia unaepuka kelele hiyo, si madhanio. Umbo asilia la galaksi hutawanyika kwa takriban 0.27 kwa kila kijenzi, na mpindo tunaousaka ni kama 0.01, hivyo galaksi 700 na ushei ndizo zinazofanya ishara ilingane na kelele. Kelele hii hupungua kadiri jozi za galaksi zinavyoongezeka, na watu huzikadiria jozi kwa eneo na msongamano. Kwenye pembe kubwa hilo ni kosa: kingo za eneo na mashimo ya nyota angavu hula jozi nyingi. Hesabu jozi za katalogi yenyewe. Na kama uigaji wako ni sanduku lenye mipaka inayojirudia, mawimbi ya msongamano wa maada yaliyo marefu kuliko sanduku hayamo, kwa hiyo mtawanyiko wake uongeze kwa nadharia.

Pembe kubwa zina hila nyingine. Mawimbi yake ni machache, basi mgawanyo wa ξ huwa na mkia mrefu upande wa juu: anga nyingi hutoa thamani iliyo chini ya wastani, na fomula ya Gauss huisoma kama S8 ndogo. Chora histogramu ya kila nukta katika uigaji wote. Penye mkia mrefu, ondoa nukta hiyo uone S8 inahama kiasi gani.

Kovariansi isibadilike pamoja na vigezo wakati wa kuvisaka. Ikibadilika ndani ya fomula ya Gauss inakupa taarifa ambayo data haina. Ikokotoe kwa vigezo vya kuanzia, tafuta suluhisho, ikokotoe upya hapo, na urudie hadi S8 itulie.