Swala nane alizoziacha kwenye treni ya Kigoma

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yangu alifariki Kigoma mwezi uliopita. Nauli ya ndege sikuwa nayo, nikapanda treni Dar es Salaam jioni, chumba cha vitanda sita. Magharibi ilipoingia nikauliza kibla kiko wapi. Mwislamu mmoja aliyelala kitanda cha juu akaniambia nisijisumbue: faradhi haisihi ndani ya chombo kinachokwenda, kwa sababu Mtume (s.a.w.) akitaka kuswali faradhi alikuwa akishuka kwenye mnyama wake. Nisubiri nifike, nizilipe zote. Nikamsikiliza. Tumefika asubuhi ya siku ya tatu, baba ameshazikwa. Nimekosa swala nane na nimekosa mazishi. Tangu hapo kila nikimwombea dua naona haya mbele ya Mola wangu. Je, alichoniambia ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Allah amrehemu mzee wako, amkunjulie kaburi lake, na akupe subira.

Si kweli. Na imenisikitisha, maana si mara ya kwanza kuletewa fatwa hii ya kitanda cha juu.

Kupunguza (swala ya rakaa nne kuwa mbili) na kukusanya (swala mbili katika wakati mmoja) kwa msafiri unakujua, sikurudishi huko. Ila kumbuka kwamba Alfajiri haikusanywi na swala yoyote. Mwenye kulala njiani siku mbili lazima Alfajiri imkute behewani, na jua halimngoji afike Kigoma.

Hadithi aliyokutajia ni sahihi, imo kwa Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliswali sunna juu ya mnyama wake popote alipoelekea, na akitaka faradhi alishuka, akaelekea kibla. Lakini hatamu zilikuwa mkononi mwa nani? Zake mwenyewe. Akitaka kusimama, ngamia anasimama. Wewe hatamu za treni unazo? Dereva anasimama anapopangiwa, si pale jua linapotaka kuchomoza. Kumpa mtu asiyeweza kushuka hukumu ya mtu anayeweza kushuka, hiyo si elimu.

Isitoshe, treni haifanani na ngamia. Inafanana na jahazi: una sakafu chini ya miguu, unasimama, unarukuu, unasujudu. Na swali la jahazi liliulizwa zamani. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kuswali ndani ya jahazi, akasema mtu aswali humo kwa kusimama, ila akichelea kuzama. Imepokewa na Daraqutni na Al-Hakim. Wazee wetu wa Pwani walikwenda Maskati kwa pepo za kusi na kurudi kwa kaskazi, majuma mazima hawaoni nchi kavu. Bwana yule anadhani walikuwa wakirundika swala za majuma matatu, wazilipe forodhani?

Atasema: mbona katika madhehebu yetu ya Shafi wapo waliosema aliyeswali juu ya mnyama kwa dharura airudie? Ni kweli, wapo. Imamu Nawawi ameieleza katika kitabu chake Al-Majmuu hali ya msafiri anayeogopa kuachwa na wenzake akishuka. Lakini msome mpaka mwisho. Hakusema aiache. Amesema haijuzu kuitoa nje ya wakati wake. Aiswali hapo hapo juu ya mnyama kwa kuuheshimu wakati, kisha ndiyo airudie. Hata aliyebana zaidi kakubana uswali, si uache. Na Qur'ani haikuiahirisha swala hata upanga ukiwa shingoni: "Na mkiwa na khofu, basi salini hali mnakwenda kwa miguu au mmepanda." Sasa wewe, godoro unalo na chai unaletewa, uiahirishe?

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoswali faradhi wamelala chali kitandani kwa ishara, wakisema safari ni dharura. Nao wamekosea. Kusimama ni nguzo. Treni ikiyumba, shika ngazi ya kitanda. Ukichelea kweli kuanguka, hapo kaa.

Kibla katika njia yenu ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Dar es Salaam Makka iko kaskazini, na reli ya Kigoma kwa jumla inakwenda magharibi. Basi kibla kiko mkono wako wa kulia ukitazama kiendako kichwa cha treni, na kadiri unavyoikaribia Kigoma kinarudi kidogo nyuma. Ule uwazi mwembamba kati ya vitanda unakatiza behewa upana wake, kwa hiyo umekaa sawa na kibla, kana kwamba fundi alikukusudia. Wa Mwanza, treni ikishatoka Tabora inapanda kaskazini. Elekea mbele, na korido itakufaa zaidi. Baada ya Kilosa, reli inapofuata bonde la Mkondoa, hujipinda sana. Ukijua imegeuka, nawe geuka humo humo ndani ya swala. Dira ya simu usiitegemee sana, vyuma vya behewa huichezea.

Maji beba yako. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita. Chupa ya lita moja na nusu inakutosha mara mbili ukiacha kuchezea maji. Yakiisha kabisa, tayamamu, yaani upake vumbi safi badala ya maji. Vumbi la Manyoni na Itigi lililotanda dirishani mnalolilalamikia ni vumbi safi.

Na usione haya kwa wenzako wa chumba. Mimi niliwahi kulala chumba kimoja na mzee Mkristo wa Urambo. Nilimwomba nafasi ya dakika tano tu usiku; Alfajiri yeye ndiye aliyeniamsha, mizigo ameshaisogeza.

Swala nane uzilipe, na usicheleweshe. Kwa kuwa sasa uko nyumbani, zilipe kamili bila kupunguza, jumla ni rakaa 26. Usiku mmoja zinakwisha. Leta na istighfari, kwa sababu ulimfuata mtu usiyemjua katika jambo la wakati. Lakini ulidanganyika ukiwa unatafuta kibla, hukuwa unakikimbia, na Mola wako anaijua tofauti hiyo kuliko mimi.

Hiyo haya unayoiona mbele ya Mola wako isikufunge mdomo. Mtume (s.a.w.) ametaja dua tatu zisizorudishwa, na mojawapo ni ya msafiri. Kama uliinua mikono mle behewani ukamlilia baba yako, usidhani imepotea.

Na mazishi hukuyakosa yote. Alipofariki mtu aliyekuwa akifagia msikiti, wakamzika bila kumwarifu Mtume (s.a.w.), alikwenda akamswalia kaburini. Na kwa Imamu Shafi inajuzu kumswalia maiti aliye mji mwingine, kwa hiyo huhitaji hata kungoja nauli. Ukimaliza rakaa zako 26, tia nia ya kumswalia baba yako, takbira nne, na dua yake baada ya takbira ya tatu.