Sauti ya stelingi wetu inakatika na mahafali yamekaribia

SWALI: Shikamoo Anti. Mie nipo kidato cha tatu, shule ya bweni huku Masasi, tunaandaa igizo la kuimba kwa ajili ya mahafali ya fomu foo mwezi wa kumi. Stori ni binti wa mkulima wa korosho, baba anasubiri hela ya mnada na ada haijalipwa. Maneno tumetunga wenyewe tukayapachika kwenye biti za bongo fleva tulizodanlodi. Shida stelingi wetu anaimba vizuri akiwa amekaa, akianza kucheza tu sauti inakatika, zile za juu anapiga kelele, na juzi kakauka koo kabisa. Alafu umeme ukikatika hatuna biti wala maiki. Mwalimu kasema tufute nyimbo tubaki na maongezi. Wenzangu wamelia. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nyimbo msizifute, naomba sana. Pale binti anapomuuliza baba ada iko wapi, baba anatoa stakabadhi ya ghalani mfukoni, kile kikaratasi anachopewa mkulima akishapeleka korosho ghalani kusubiri mnada, anaikunjua, anaitazama, anaikunja tena hana la kusema, hapo maongezi yameshaisha na wimbo ndo unatakiwa uanze. Huko kwenu mfumo wa stakabadhi ghalani upo tangu 2007, kwa hiyo wazazi watakaokaa kwenye hayo mabenchi wanakijua hicho kikaratasi vizuri kuliko nyie.

Sasa koo. Biti ya msanii imepangwa kwa koo la yule msanii, stelingi wenu ana la kwake. Akipona mwambieni aimbe bila biti, aanzie anapojisikia, ile sauti ya juu kabisa aifikie bila kukunja shingo, mkishapata hapo nyie wengine wote mnamfuata yeye, sio yeye awafuate. Wale wavulana wadogo ambao sauti ndo inabadilika wapeni ya chini, wasilazimishwe. Kwa sasa apumzike, anywe maji, asipige kelele wala kunong'ona kwa kulazimisha maana nako kunachosha koo, na ikipita wiki tatu hajapona aende hospitali.

Hizo biti achaneni nazo kabisa. Wimbo una mwenyewe na sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda, kumbadilishia maneno kunataka ruhusa yake. Na kwa kweli hamzihitaji! Mpo Masasi jamani, katikati ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, makabila ambayo tamasha la Makuya pale Mtwara limechukua jina lake kwao, hapo darasani kwenu hamkosi mwenye bibi anayejua kuimbisha ngoma. Muombeni awafundishe mwendo wake, maneno yabaki yenu. Ngoma zetu nyingi mwimbishaji anatoa mstari mmoja kundi linaitikia, na wakati kundi linaitikia yeye anavuta pumzi, yaani shida yenu wazee walishaimaliza zamani. Mtu hawezi kuruka na kushika sauti ndefu kwa pumzi ileile, kwa hiyo stelingi akitoa mstari asimame, waitikiaji ndo wacheze, kiitikio kikiingia na yeye acheze akitaka. Umeme ukikatika mnaendelea tu.

Ila ngoma zisimmeze. Wapigaji wakae pembeni nyuma ya waitikiaji, kwenye mstari wake ilie ngoma ndogo peke yake tena kwa vidole, ile kubwa isubiri kiitikio. Na siku yenyewe washeni moto mdogo wa nyasi kavu nje ya bwalo mzipashe ngozi kabla watu hawajaingia, mnazungusha huku mnagonga taratibu mpaka mlio utoke mkavu, maana ngozi iliyonyonya unyevu inalegea na itawaharibia wimbo wote. Mwachieni kazi hiyo mtu mmoja anayeijua, sio kila mtu anasogeza ngoma motoni.

Kwa mwalimu msiende na maneno matupu. Mwambieni mnaomba Ijumaa moja baada ya masomo, dakika kumi, tukio hilohilo la baba na stakabadhi, hakuna spika hakuna maiki, yeye akae benchi la mwisho kabisa kule mlangoni asikilize kama maneno yanamfika. Lakini isiwe Ijumaa hii, stelingi apone kwanza.